Shilingi Ilifuatwa: Namtumbo Mwanzoni mwa Miaka ya Hamsini

Senti moja ya Afrika Mashariki ilikuwa na tundu katikati. Ya senti 5 ilikuwa nalo pia, na ya senti 10 vilevile, nayo ilikuwa pana kuliko shilingi yenyewe. Shilingi haikutobolewa. Ilichorwa simba mbele ya milima, na upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Sita. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Kiingereza, na Mngoni, Mhindi mwenye duka na Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, wa Songea wote waliitumia fedha ileile.

Vijana wa leo wakikaa na wazee huuliza: zamani sukari ilikuwa bei gani? Kanga je? Baiskeli? Wakitajiwa senti kadhaa au shilingi kadhaa hucheka na kusema watu wa zamani walifaidi. Hapana. La kuuliza kwanza ni shilingi hiyo ilipatikana wapi. Namtumbo ya mwaka 1951 au 1952 shilingi haikuwa imelala njiani. Ilifuatwa. Ilifuatwa kwenye moshi wa bani la kukaushia tumbaku, au ilifuatwa kwenye mkonge, mamia ya kilomita kutoka nyumbani, na aliyerudi nayo alijua imemla miezi mingapi.

Wakati huo Namtumbo haikuwa wilaya. Wilaya ilimegwa kutoka Songea mwaka 2002. Katika miaka ninayoisimulia, hii ilikuwa nchi ya Wandendeule upande wa mashariki wa Wilaya ya Songea, ndani ya Jimbo la Kusini. Kutoka Namtumbo hadi Songea mjini ni kilomita zinazokaribia 70, na kwa wengi safari hiyo ilikuwa ya miguu, mzigo kichwani, kulala njiani. Nchi yenyewe iko kwenye mgongo wa maji. Mito ya kusini huteremkia Ruvuma, na ile ya kaskazini, kama Mbarang'andu, huingia Luwegu na mwisho wake ni Rufiji. Kote ni miombo, na mbung'o walikuwa wengi, kwa hiyo mali ya mtu haikuhesabiwa kwa ng'ombe. Ilihesabiwa kwa ghala, kwa watu wa kulima nao, na kwa jina jema.

Kulikuwa na jambo jingine lililokaa kimya ndani ya kila ukoo. Mzee wa miaka 55 mwaka 1952 alikuwa mtoto wa miaka 8 vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipolipuka mwaka 1905. Alikuwa hai mjumbe Omari Kinjala alipofikisha maji ya dawa kwa Wangoni. Alikuwa hai tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga wakuu wa Wangoni pale Songea. Na aliishi kupitia njaa iliyofuata, majeshi ya Kijerumani yalipochoma maghala na mashamba ili watu wasalimu amri kwa tumbo. Mzee wa namna hiyo alipomwona mjukuu wake anauza mahindi apate senti za kununulia shati, hakukaa kimya. Ghala kwanza, shati baadaye. Nadhani bila kukumbuka njaa ile hatuwezi kuelewa kwa nini watu wa Namtumbo walifanya kila hila ili fedha itoke kwenye kitu kisicholiwa.

Kitu hicho kilikuwa tumbaku.

Sababu ya pili ilikuwa barabara. Kutoka Songea hadi pwani ya Lindi ni zaidi ya kilomita 500 kupitia Tunduru na Masasi, na masika ilipoingia njia ilikatika. Upande wa pili, kuelekea Njombe na Iringa, ni milima. Gunia la mahindi lilikuwa zito na rahisi, na kwa safari kama hiyo lingeliwa na nauli kabla halijafika sokoni. Tumbaku ya moshi ilikuwa nyepesi kwa thamani yake. Ilikauka, ikafungwa robota, ikastahimili kusubiri lori hadi njia ifunguke. Ndiyo maana Songea ikawa nchi ya tumbaku, na ndiyo maana mwaka 1936 wakulima wake walikuwa tayari na chama kikuu cha ushirika, NGOMAT, yaani Chama cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo, wakati sehemu nyingi za Tanganyika zilikuwa hazijalisikia neno ushirika. Wamatengo walileta kahawa yao ya milimani, na upande wa Wangoni na Wandendeule ukaleta tumbaku.

Kazi ya tumbaku iliwashika watu mwaka mzima. Kitalu kilitayarishwa karibu na maji, kikamwagiliwa, kikafunikwa nyasi miche isiungue. Mvua zikianza miche ilihamishiwa shambani. Ikishika, ililimiwa, ilikatwa maua, na machipukizi yalitolewa kwa mkono, mche mmoja baada ya mwingine, vidole vikageuka vyeusi kwa utomvu ambao hautoki kwa maji matupu. Majani yalivunwa yakiiva, ya chini kwanza. Yalitungwa, yakatundikwa ndani ya bani, na chini yake moto ukawashwa, moto wa magogo usiopaswa kuwaka kwa nguvu. Hapo ndipo palipokuwa na utaalamu. Ukiwaka sana jani linaungua na bani linateketea pamoja na jasho lote la mwaka. Ukizimika jani linaoza. Mtu alilala bani, akiamka usiku kusogeza kuni. Msimu ule kijiji chote kilinuka moshi: nguo, nywele, hata uji wa watoto.

Baada ya hapo majani yalichambuliwa kwa rangi na urefu, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake na watoto, kisha yakafungwa na kupelekwa sokoni. Mwenye kuyapima na kuyapanga kwa gredi hakuwa mkulima. Mkulima alisimama pembeni, akatazama jani alilolilea tangu kitaluni likitajwa daraja ambalo hakulichagua, kwa bei ambayo hakuipanga. Ushirika ulimpa nguvu kuliko kusimama peke yake mbele ya mfanyabiashara, na hilo ni deni ambalo wazee wa NGOMAT wanastahili kulipwa kwa heshima. Lakini bei ya mwisho ilitoka mbali sana na Namtumbo.

Fedha ikishashikwa mkononi, wa kwanza kuidai alikuwa serikali. Kodi ya kichwa ilimhusu kila mwanamume mzima, mwenye shamba la tumbaku na asiye nalo. Haikuuliza kama mvua ilinyesha. Aliyekuwa na bani alilipa baada ya soko. Kijana ambaye bado hajajiweza, au ambaye tumbaku yake ilioza, alikuwa na njia moja iliyojulikana na wote: kwenda manamba.

Neno hilo limetokana na namba. Aliyeandikwa kazi alipewa nambari, na katika mashamba ya mkonge nambari ndiyo iliyomtambulisha. Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na wenye mashamba, kupitia chama chao, walianzisha mwaka 1944 shirika la kutafuta wafanyakazi lililoitwa SILABU. Lilikuwa na maajenti na kambi za njiani, na Songea ilikuwa mojawapo ya wilaya walizozitegemea. Mtu alipimwa na daktari, akaweka dole gumba kwenye mkataba, akapewa blanketi na kupandishwa lori. Tanga, Korogwe, Morogoro, Kilosa: majina hayo yalitamkwa Namtumbo kama majina ya vijiji vya jirani, hata na bibi ambaye hajavuka Luwegu.

Huko malipo yalihesabiwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30, na kila siku mtu akimaliza kazi aliyopimiwa nafasi moja ilitiwa alama. Alipewa siku 42 za kukamilisha hizo 30. Siku aliyougua haikuwekwa alama. Siku aliyoshindwa kumaliza mafungu yake ya mkonge, mikono ikiwa imechomwa na miiba, haikuwekwa alama. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda, na kijana aliyewaaga wazazi wake kwa kuhesabu miezi ya mwandamo aligundua huko kwamba anahesabu vibaya.

Juni 1950 vita vilianza Korea, nchi ambayo pengine wachache sana Namtumbo walikuwa wameisikia. Mataifa yakakimbilia kuweka akiba ya kamba na nyuzi, na bei ya mkonge ikapaa mwaka 1950 na 1951 hadi wenye mashamba wakaona faida wasiyoizoea. Mikono ikatafutwa zaidi, malori yakaja zaidi. Mshahara wa mkata mkonge haukupaa kwa mwendo ule. Nalitaja hili kwa makusudi, maana masimulizi ya bei za zamani mara nyingi husahau kwamba bei ya jasho nayo ni bei.

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Philip Gulliver, aliajiriwa na serikali ya Tanganyika kama mtaalamu wa jamii, na akapelekwa Songea kuchunguza jambo hili hili: kwa nini wanaume wanaondoka? Kitabu chake juu ya uhamaji wa wafanyakazi wa Kingoni na Kindendeule kilitoka mwaka 1955, na mwaka 1971 akatoa kingine juu ya ujirani na undugu wa Wandendeule. Jibu lake halikuwa uvivu wala tamaa ya mji, kama baadhi ya maofisa walivyopenda kudhani. Nyumbani hapakuwa na njia ya kutosha ya kupata fedha, na mahitaji ya fedha yalikuwa hayasubiri. Wazee wa Namtumbo wangemwambia hivyo siku ya kwanza, lakini ni vizuri kwamba aliandika.

Mkongeni watu wa Songea waliitwa Wangoni, wote pamoja. Mndendeule aliyekuwa nyumbani analalamikia utawala wa Kingoni uliowekwa juu yake, huko Tanga alijikuta Mngoni, na mara nyingi hakulikataa jina, kwa sababu lilikuwa na faida. Mngoni ana watani. Babu za Wangoni walipigana na Wahehe katika karne ya 19, na vita ile ikazaa utani. Mtani alikuvua kofia hadharani akakutukana ukacheka. Mtani huyohuyo ndiye aliyekuja ukifa ugenini, akakuchimbia kaburi na kukuzika wakati ndugu zako wako mbali hata habari hazijawafikia. Ugenini, utani ulikuwa bima.

Wengine hawakwenda mbali hivyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, na mojawapo ya maeneo yake matatu lilikuwa Nachingwea, humo humo Jimbo la Kusini. Matrekta yakashushwa, reli ikatandazwa, bandari ya Mtwara ikaanza kujengwa, na habari za kazi zikapanda hadi Songea. Januari 1951 mradi ulitangazwa kuwa umeshindikana. Hasara iliyotajwa ni pauni milioni 36, yaani shilingi milioni 720. Sensa ya mwaka 1948 ilikuwa imehesabu watu wapatao milioni saba na nusu Tanganyika nzima. Ukigawa, inakuja karibu shilingi 100 kwa kila mtu, mzee na mtoto mchanga, na fedha hiyo iliishia kwenye udongo mgumu na vyuma vilivyovunjika. Watu walioijua karanga kwa jembe la mkono waliyaona hayo yote, na hakuna aliyewauliza.

Turudi dukani. Duka la wakati ule lilikuwa la Mhindi au Mwarabu, na kwa uchache la Mwafrika aliyewahi kupanda daraja. Barazani alikaa fundi na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Ndani kulikuwa na chumvi, viberiti, sabuni ya mche, mafuta ya taa, sukari, majembe, shanga na vitambaa. Vitambaa ndivyo vilivyokuwa roho ya duka. Merikani, kitambaa cheupe kisicho urembo, kiliitwa hivyo kwa sababu karne moja nyuma kilitoka Marekani, na jina likabaki hata kilipotoka kwingine. Kaniki nyeusi ilikuwa nguo ya shamba na ya msiba. Kanga ilikuwa nguo ya heshima, na jina lililoandikwa juu yake lilisomwa na asiyejua kusoma, kwa kuwa watoto wa shule walimsomea. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne shuka, mikono minane doti. Jora zima walinunua wenye harusi.

Vitu vya ulaji vilipimwa kwa kibaba na pishi, na nafaka kwa debe, lile bati la mafuta ya taa la lita 18 ambalo likiisha mafuta halikutupwa kamwe: likawa ndoo, kipimo, ngoma ya watoto, na likipasuka likawa paa. Mafuta ya taa yenyewe yalinunuliwa kwa chupa, wakati mwingine nusu chupa. Hapo ndipo senti yenye tundu ilipofanya kazi yake. Haikununua kitu kikubwa, lakini chumvi kidogo, sindano au viberiti vilikuwa vya senti, na senti hizo walizishika zaidi wanawake, waliouza kuku, mayai, asali na pombe ya kienyeji. Nta ya nyuki wa miombo ilikuwa na mnunuzi wake pia. Shilingi zilikuwa za wanaume, senti zilikuwa za wanawake, na nyumba ilikula kwa senti.

Nani aliyelima wakati wanaume wako Tanga? Jibu liko wazi, lakini halisemwi vya kutosha. Wandendeule walilima kwa kualikana. Mwenye shamba alitengeneza pombe, au togwa kwa wasiokunywa, na majirani na ndugu wakaja na majembe, leo kwako, kesho kwangu. Mwanamke ambaye mume yuko mkongeni alipaswa kwenda kwenye mashamba ya wote ili nao waje kwake. Akiugua wiki moja ya kulima, deni lake la kazi lilibaki na shamba lake likabaki bila kulimwa. Alitwanga mtama na mahindi, alilea, alizika, alipeleka jani la tumbaku la shemeji yake kuchambuliwa, na kila mwaka alisikia kwamba mume anarudi baada ya kipande kimoja tu.

Halafu siku moja mume, au kaka, alirudi. Alitangulia mtoto akikimbia kupiga mbiu, na nyuma yake mtu na sanduku. Sanduku la bati lenye kufuli, lililopakwa rangi, ndilo lililobeba dunia ya nje hadi Namtumbo. Ndani yake mlikuwa na kanga za mama na mke, shati na kaptula, kofia ya kufuma, taa ya chemli, kioo, pengine saa ya mkononi. Aliyefanikiwa kweli alikuja na baiskeli, na aliyefanikiwa zaidi alikuja na santuri.

Santuri ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono na sindano yake ilibadilishwa mara kwa mara. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alifariki Unguja Julai 1950, lakini sauti yake iliyorekodiwa Bombay tangu 1928 ilikuwa bado inasafiri ndani ya masanduku. Sahani za muziki wa Kikuba nazo zilizagaa kila mji wa bandari na wa reli. Morogoro, mji uliozungukwa na mkonge, ulikuwa na Morogoro Jazz tangu 1944, na Salum Abdallah alikuwa akijenga bendi yake iliyokuja kupendwa nchi nzima kwa jina la Cuban Marimba. Kijana wa Namtumbo aliyesimama mlangoni mwa ukumbi siku ya malipo alirudi na hatua za dansi miguuni. Baadhi ya wazee walizichukia. Wengine walikumbuka kwamba wao wenyewe walishtakiwa vivyo hivyo walipoleta ngoma ya beni.

Maana beni nayo ililetwa na safari. Ilianzia pwani, ikasambazwa na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ikafika hadi Ziwa Nyasa ambako ilizaa mganda: vijana wamevaa kaptula nyeupe zilizopigwa pasi, wamejipanga mistari kama kwata, wakiwa na vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Wangoni walikuwa na lizombe yao, ngoma ya kishindo ambayo hadi leo ikipigwa mtu wa Songea hakai. Upande wa Wandendeule, ambao wengi wao ni Waislamu, kanzu na maulidi vilikuwa na nafasi yake, wakati magharibi kuelekea Peramiho, walikofika wamisionari Wabenediktini mwaka 1898, wiki iligawanywa na kengele.

Gazeti lililofika lilikuwa Mambo Leo, la serikali, la kila mwezi, lililoanzishwa 1923. Nakala moja ilisomwa na wengi, kwa sauti, na ukurasa uliogombewa ulikuwa wa mashairi. Shaaban Robert alisomwa humo, na walimu wa vijijini walijaribu vina vyao humo. Julai 1951 redio ilianza kutangaza kutoka Dar es Salaam, kwa mawimbi dhaifu ambayo mwanzoni hayakutoka mbali na mji. Kwa Namtumbo, habari bado zilikuja kwa miguu.

Februari 1952 Mfalme George alifariki na bintiye Elizabeth akapata habari hiyo akiwa Kenya. Kutawazwa kwa Malkia Elizabeth kulifanyika 2 Juni 1953, na makao ya serikali Tanganyika nzima yaliagizwa kusherehekea. Siku hiyo ilikuwa ndani ya Ramadhani. Kwa Mwislamu wa Namtumbo, sherehe ya mchana ya Malkia ilimkuta amefunga. Sikukuu yake mwenyewe ilikuja siku kumi na moja baadaye, mwezi ulipoandama.

Kabla ya sherehe hizo, Aprili 1953, Julius Nyerere alikuwa amechaguliwa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuka kuwa TANU, na waliokwisha kuona Tanga, waliokwisha kukaa kambi moja na Wahehe na Wanyamwezi wakahesabiwa kwa nambari, hawakuhitaji hotuba ndefu kuelezwa Tanganyika ni nini.

Barabara ya lami kutoka Songea sasa inafika Namtumbo, na kilomita zile ni mwendo wa saa moja. Tumbaku ya moshi bado inalimwa. Wanaume wa kizazi kile waliandikwa: wamo kwenye mikataba, kwenye vipande, kwenye kitabu cha Gulliver. Wanawake walioziendesha nyumba kwa senti zenye matundu hawakuandikwa kwa kiasi hicho. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1952 alizaliwa 1937, na walio hai ni wachache mno. Mwenye bibi wa namna hiyo Namtumbo, Songea au popote alikohamia, akamwulize mwezi huu, asingoje mwakani: alilima na nani, alinunua nini kwa senti kumi, na sanduku lilipofunguliwa, yeye alipewa nini.